Gunia Halisalimii Watu

Nilijifunza kubeba abiria kwa kubeba viazi. Dereva wa moto, kama pikipiki inavyoitwa huku, aliyenifundisha alikuwa mtu wa maneno machache, na katika machache hayo alinisisitizia moja: kabla sijampandisha mtu nyuma yangu, nipandishe kwanza gunia, kila siku, wiki mbili. Basi nikanunua gunia la viazi vya Bugeshi, nikalifunga kwa mipira, nikawa nazunguka nalo mjini kila nikitoka kazini. Wenye maduka walinicheka. Nadhani walidhani nimekosa wateja.

Wakati huo nilikuwa na miezi saba Gisenyi. Nilihamishwa kikazi kutoka mashariki mwa nchi, huko ambako sisi tuliorudi kutoka ukimbizini Tanzania tuko wengi, nikaletwa hapa mpakani, ambako wengi waliorudi wametokea Congo na wote wanajuana. Kiswahili changu kiliwafurahisha. Nikisema "tafadhali" ofisini walitazamana wakacheka. Nami si mtu wa kupendeka haraka, nakubali. Nina hasira za karibu, na usoni huwa sifichi kitu. Nilikuwa narudi nyumbani jioni, napika, nakula, naosha sahani yangu moja na kulala, na tangu nitoke kazini sijatoa sauti.

Aliyenisemesha ni jirani, mama mjane mzaliwa wa Masisi, Congo. Kila asubuhi alivuka mpaka pale Petite Barrière na beseni la karoti kwenda kuuza Goma, na kila jioni aliporudi alisimama kwenye ukuta wa mawe meusi uliotutenganisha.

"We, uko?"

"Niko, Mama."

Mara nyingi yaliishia hapo. Siku akiwa hajachoka aliuliza nimekula nini, na nikijibu wali mtupu alisikitika kwa sauti kubwa mpaka nacheka. Nilianza kuwahi nyumbani kwa ajili ya swali lile. Sikumwambia mtu, maana hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Nataka ieleweke kwamba yeye hakuniomba lifti. Mimi ndiye niliyejipendekeza. Alisema Jumapili anataka kusali Nyundo, kwenye kanisa kuu, na kwamba atapanda basi. Nikamwambia basi la nini wakati mimi nina moto? Leseni yangu ilikuwa na wiki tano. Nyuma yangu hakikuwahi kukaa kitu chenye miguu.

Mwalimu wangu alikuwa amenionya. Abiria si gunia, alisema. Akae kama wewe, akushike kiunoni, ukilala kwenye kona naye alale upande huohuo, na breki uishike mapema, maana uzito wa nyuma unaisukuma moto wakati wewe unataka isimame. Maneno haya nilikuwa nayo kichwani. Halafu Jumapili ikafika, mama akatokea mlangoni kwake amevaa mushanana mweupe, vazi la heshima lililofungwa begani na kushuka hadi miguuni, rozari mkononi.

Nilimvalisha kofia ngumu niliyomnunulia. Akapanda, akakaa upande, miguu yote miwili ikining'inia kushoto.

"Mama, kaa kama mimi nilivyokaa."

"Na mushanana? Nipanue miguu kama mwanaume? Apana, mutoto yangu. Batu ya kanisa batanionaje?"

Hapo ndipo nilipaswa kuzima injini. Sikuzima. Niliogopa atasema basi, acha, nitapanda gari, na mimi nirudi ndani kutazama sahani yangu.

Kuondoka tu, gurudumu la mbele likawa jepesi, usukani ukayumba, nikasikia mkono wake ukinizunguka tumboni kwa nguvu. Nitasema ukweli: niliogopa, na wakati huohuo nilitamani Nyundo iwe mbali zaidi. Sikumbuki ni lini kabla ya hapo mtu alikuwa amenishika.

Lakini gunia halisalimii watu. Mama huyu alimfahamu kila aliyekuwa akitembea kwenye barabara ile, na hakumruka hata mmoja. Kila akimwona mtu, mkono ulitoka tumboni kwangu ukaenda hewani, mwili wote ukageuka, na moto ikageuka nao. Mara tatu nusura tuingie kwenye mfereji.

"Mama, tulia! Utatuangusha!"

"Sasa nipite batu bila kusalimia? Batasema nimekuwa mukubwa, juu niko kwa moto."

Nilinuna mpaka Nyundo. Kilichoniuma si ule mtikisiko peke yake. Miezi saba nimepita barabara ileile, na sikuwahi kujua kwamba imejaa watu wanaosalimia.

Baada ya misa alinishika mkono, akanipitisha kwa marafiki zake mmoja mmoja. "Huyu ni mutoto yangu, wa hapa kwa ukuta." Nilisalimiwa kwa mikono miwili, nikaulizwa nyumbani ni wapi, nikaombewa mke. Mzee mmoja alisema Kiswahili changu ni kitamu. Nilitoka pale nimelewa, na sikuwa nimeonja kitu.

Tukaanza kurudi. Kutoka Nyundo barabara inateremka kuja mjini, na mvua nyepesi ilikuwa imepita tukiwa kanisani, lami ikabaki na unyevu. Nilienda polepole, nikajisifu kimoyomoyo. Kwenye kona moja, mlangoni pa duka dogo, alikuwa amesimama mwanamume wa makamo. Alipotuona alinyoosha mikono yote miwili juu, akapiga kelele ya furaha, akinitazama usoni. Mimi. Angalau ndivyo nilivyoona.

Nikaachia usukani mkono wa kushoto, nikampungia.

Ilikuwa sekunde moja. Moto ilikuwa tayari imelala kwenye kona, uzito wa mama ukiisukuma, na nilipoona tunatoka nje ya njia nikabana breki ya mbele kwa mkono uliobaki. Gurudumu likateleza. Nakumbuka sauti ya chuma kwenye lami, halafu kimya, halafu mushanana mweupe ukiwa chini barabarani.

Mimi nilichunika kiganja. Yeye aliangukia nyonga. Kofia ilibaki kichwani, na ndiyo sababu naweza kuandika haya bila kulia sana. Yule mtu wa dukani alikuwa wa kwanza kufika. Alipiga magoti, akamwita kwa jina, akamshika kichwa, akapaza sauti watu waje tumbebe. Mimi nilisimama kando nikiwa na kofia yangu bado kichwani, sina hata mtu wa kumpigia simu.

Hospitalini walisema mfupa wa nyonga umevunjika. Binti yake alifika kutoka Kigali jioni hiyohiyo, mwanamke wa ofisi, mkali, na alikuwa na haki ya kuwa mkali. Aliniuliza mbele ya kitanda nimejua kuendesha tangu lini. Nikasema wiki tano. Kabla hajafungua mdomo tena, mama akasema:

"Muache. Ni mi njo niligeuka kusalimia batu. Alinikataza, mi nikakataa."

Nilisimama pale, mtu mzima, nikamwacha mgonjwa ajibebeshe kosa langu. Nikajiambia kwamba ni kweli aligeukageuka, ni kweli alikaa upande, na uongo huo nilikwenda nao nyumbani. Siku tisa nilimpelekea uji asubuhi na jioni. Binti alinipokea chupa mlangoni pa wodi. Siku ya kumi akaniambia kesho wanamhamishia Kigali, atakaa huko kwake, na nyumba ya Gisenyi wataipangisha. Alisema hivyo kwa upole, nami ningependelea anitukane. Kisha akatoka kushughulikia karatasi za hospitali, nami nikaingia kwa mama, tukabaki wawili.

"Mama," nikasema, "si wewe. Mimi niliachia usukani. Nilipunga mkono."

Akanitazama, akacheka kidogo, akashika nyonga kwa maumivu.

"Nilijua. Nilikuwa nyuma yako, niko kipofu? Nilikuona na ile mukono yako juu, nikasema, ee, leo naye amesalimia mutu. Lakini ulikuwa unasalimia nani?"

"Yule wa dukani. Alininyooshea mikono."

"Yule?" Uso wake ulibadilika, akawa kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kitu kisivunjike. "Yule ni shemeji yangu. Mudogo ya marehemu bwana yangu. Alikuwa anasalimia mi."

Nilihisi uso wangu unawaka, na kama nilivyosema, usoni huwa sifichi kitu. Akaliona hilo, akaufuata mkono wangu wenye bandeji juu ya shuka, akaushika.

"Bon. Si mubaya. Uliitika muzuri."

Walimchukua asubuhi, mimi nikiwa kazini. Siku hizi jioni nikipika huwa nasikia wapangaji wapya upande wa pili wa ukuta, mume na mke na redio yao. Ni watu wazuri. Kofia yake iko kwenye msumari mlangoni, na sijampandisha mtu mwingine.

Jumapili, kama mvua haijanyesha, nafunga gunia langu nyuma, naenda Nyundo, narudi saa zilezile. Kwenye ile kona yule mtu huwa yuko mlangoni pa duka lake. Napunguza mwendo mapema, mikono yote miwili kwenye usukani, namtazama. Naye hunitazama mimi na gunia mpaka nipite, kisha anaingia ndani.