Mkono Ndani ya Wimbi

Jumapili iliyopita vijana wa kanisa letu walitundika ukumbini picha za jirani yetu wa zamani, mpiga picha, ili kumkumbuka na kuisifu kazi yake. Wakaniomba mimi, mzee wa kanisa, nifungue kwa sala. Magoti yangu yamechoka siku hizi, ndugu yangu, kwa hiyo nilisimama nimeegemea ukuta. Mbele yangu palikuwa na picha ya wimbi la ziwa, jeupe juu, jeusi chini, na ndani yake mkono wa mtu umeinuliwa. Sala ikanikwama.

Nilikuwa mtoto Bwaise, mtaa wa mabondeni pale Kampala, miaka ile baada ya vita. Mvua ikinyesha mfereji ulifurika, na sisi watoto tulichota kwa beseni maji ya matope yaliyojaa nyumbani, vyura wakilia chini ya kitanda, nyanya akikaanga mukene, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sigiri ya makaa aliyoipandisha juu ya meza. Jirani alikuwa akipita na kamera yake ya kupigia sinema ameifunga kwenye mfuko wa plastiki.

"Maji haya yametuchosha," nyanya alimwambia, "na wewe unayafuata mpaka ziwani?"

"Jajja, ya huko inacheza," alijibu kwa Kiswahili cha Waganda, akimwita bibi kwa Kiganda. "Ya hapa inalala tu."

Aliyapenda kweli. Upepo wa mchana ukichafua ziwa, aliingia hadi shingoni akangoja wimbi, kwa subira ambayo hata kanisani nimeiona kwa wachache. Mjomba wangu, fundi seremala, ndiye aliyepanda mawimbi hayo. Alilala kifudifudi juu ya ubao alioupiga randa mwenyewe, maji yakambeba hadi ufukoni, na sisi tulikuwa pale na mahindi yetu ya kuchemsha, tunapiga kelele.

Kisha mjomba akaugua ule ugonjwa uliomaliza vijana wengi. Tulimzika bila picha hata moja ya uso wake, maana tulizokuwa nazo zilipotea tulipokimbia vita. "Pua yake naanza kuisahau," nyanya alisema siku moja akichambua mchele, na mikono yake ikasimama.

Jirani aliposikia, akasema anayo filamu. Jumapili baada ya ibada tuliziba madirisha ya kanisa kwa mikeka, tukatundika shuka jeupe la nyanya, alilolipiga pasi mwenyewe. Nyanya alikaa mbele kabisa. Mashine ya sinema ikanguruma, na maji yakajaa shuka. Yakapanda, yakajikunja, jua likapita ndani yake yakawa ya kijani. Watu wa Bwaise, waliochota maji maisha yao yote, walisogea mbele kutazama. Hatukujua kwamba yana uzuri ule.

Lakini uso haukuonekana. Ulipita mgongo wa mjomba, kisogo, unyayo, kisha povu.

"Uso uko wapi?" nyanya aliuliza.

"Jajja, mimi nilikuwa napiga maji. Mtu iko ndani tu."

"Maji hayana mama, mwanangu. Huyu anaye."

Jirani aliirudisha filamu, akaianzisha tena polepole. Wimbi lilipokaribia kuvunjika, mjomba aliinua mkono wa kushoto, vidole vimetanuka, vilevile alivyofanya mlangoni kila jioni akitoka kazini, kabla hajasema neno.

"Karibu, baba," nyanya akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Shuka lile hakulifua. Yeye aliyefua kila kitu baada ya kila mafuriko, alilikunja akaliweka juu ya kabati, mbali na maji, na ndilo tulilomzika nalo alipofariki.

Filamu iliharibiwa na unyevu, ikabaki picha hii moja ya wimbi aliyoitoa humo mapema. Jirani naye ametutoka, na ufuko ule umezungushiwa ukuta. Mimi mwenyewe sauti ya mjomba siikumbuki tena.

"Mzee," kijana mmoja akaniuliza pale ukumbini, "hilo doa kwenye maji ni nini?"

Nikamwambia ni mtu, alikuwa anarudi nyumbani. Kisha nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kwa yule jirani aliyekubali kusimama majini hadi shingoni, akimngoja.