Dereva wa Pili

Pale hospitalini walimwita King'ora, ingawa katika miaka yote aliyoendesha gari la wagonjwa alikuwa mchoyo wa kukiwasha hicho king'ora chenyewe. Alisema mgonjwa akisikia kelele ile juu ya kichwa chake huamini kwamba roho yake imeshaitwa. Yeye alipenda kufika kimyakimya. Aliyajua mashimo ya kila barabara kama mtu anavyoyajua mapengo ya meno yake, na wanawake waliojifungulia njiani, ndani ya gari lake, waliendelea kumtumia salamu hata watoto wale walipokwisha kuota ndevu.

Mkewe alikuwa fundi wa cherehani katika chumba cha nguo cha hospitali hiyohiyo, chumba chenye mvuke na harufu ya sabuni, ambako mashuka yaliyochanika yalitiwa viraka na kurudishwa wodini. Walipokuwa wachumba, King'ora alimfundisha kuendesha gari uani, siku za Jumapili, katikati ya kamba za kuanikia. Aliangusha kamba moja tu, na mashuka yaliyokuwa juu yake akayafua upya bila kuambiwa. Akapata leseni. Kisha wakaja watoto, na kila palipokuwa na safari King'ora ndiye aliyeshika usukani kwa kuwa ndiyo kazi yake, na mkewe akawa wa kushika vikapu na watoto. Hakuna aliyelipanga hilo. Mambo mengi ya ndoa huwa hivyo, hukaa palepale yalipoangukia.

Wote wawili walikuwa wamekwisha kustaafu ilipokuja simu kutoka ng'ambo. Dada mkubwa wa mkewe, yule aliyemlea baada ya mama yao kufariki, kisha akaolewa huko ugenini, alikuwa kitandani na miguu haimbebi tena. Aliomba kumwona mdogo wake. Watoto wakachanga nauli, na binti yao wa kwanza, karani wa benki, akamtafutia baba yake kadi ya kulipia huko aendako. Dada alikaa mji wa milimani, na basi la kupanda huko lilipita kwa nadra. Mkewe hakutaka habari ya kungoja basi.

"Tutakodi gari," alisema King'ora, kama mtu anayesema atachemsha maji.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulisema. Tangu mvua zilizopita, jua likianza kuzama, taa za magari zilimwingia machoni zikatawanyika kama mafuta juu ya dimbwi. Kwanza alidhani ni uchovu. Kisha akadhani ni kioo kichafu, akakisugua mpaka kikalia. Mwishowe akaacha kudhani, akawa tu hatoki jioni. Mtu aliyewaambia wagonjwa wengi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ya kwake aliyafungia kifuani akatia kufuli. Kwa safari hii alikuwa na mpango wake: ndege itue asubuhi, wafike kwa shemeji jua likiwa bado juu.

Ndege ikachelewa. Walipofika kwenye kaunta ya magari ya kukodi, ilikuwa alasiri.

Msichana wa kaunta alikuwa na miwani mikubwa na subira ya muuguzi wa watoto. Aliwaeleza polepole, akirudia pale alipoona nyuso zao zimepotea. Gari linatoka na tangi limejaa, nalo lirudi limejaa, la sivyo kampuni itajaza yenyewe kwa bei yake, na bei hiyo haina huruma. Ni gari la petroli. Wakitia dizeli kwa makosa, hakuna bima itakayowatetea. Barabara kuu ina vituo vya ushuru, lakini kwenye kioo cha mbele kimebandikwa kifaa kidogo. Wapite njia yenye alama ya buluu bila kusimama, na ushuru utakatwa kwenye kadi baadaye. Kuhusu bima, ile ya kawaida ingemwachia aliyekodi mzigo mkubwa gari likigongwa au kukwaruzwa, na kwa ajili ya mzigo huo kampuni ingezuia fedha kwenye kadi mpaka gari lirudi. Wakiongeza kidogo kwa kila siku, mzigo wote unaondoka.

King'ora alitaka kukataa nyongeza. Alisema hajawahi kukwaruza gari, na hilo lilikuwa kweli. Mkewe alisema taratibu kwamba ni afadhali walale usingizi. Akakubali.

Kisha msichana akauliza kama kuna dereva wa pili. Bila jina lake kuandikwa, alisema, akiendesha yeye bima inakufa hapohapo.

King'ora alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa. Mkewe akafungua mkoba, akatoa leseni yake na kibali cha kuendesha nje ya nchi, akaviweka kwenye kaunta kama mtu anayeweka sahani mezani. Leseni haikuwa imekwisha muda. King'ora aliitazama kana kwamba imetoka kwenye mkoba wa mwanamke asiyemjua.

"Ya nini hii?" aliuliza.

"Tahadhari tu," mkewe alijibu. "Mlipie huyu binti, jua linakwenda."

Alilipa. Alilizunguka gari, dogo, la kijivu, akapiga picha kila mkwaruzo mpaka wa kofia za magurudumu, huku yule msichana akimfuata na kuandika. Mtu mzima akichomwa kiburi huwa mpole kupita kiasi, na King'ora alimfungulia mkewe mlango kwa adabu ya kutisha.

Mwanzo safari ilikwenda vizuri. Barabara ilikuwa nyororo, na mkewe alimsimulia habari za dada, jinsi alivyokuwa akimsuka nywele huku akimpiga kwa kitana kila alipotikisa kichwa. King'ora akaanza kucheka. Lakini jua lilishuka nyuma ya vilima, magari yakawasha taa, na kituo cha ushuru kikatokea mbele yao kama bahari ya miali. Njia zote zikawa rangi moja. Akachagua iliyo katikati, akakanyaga breki pale tu mkewe aliposema "Simama." Mtambo wa kuzuia magari ulikuwa mbele ya pua yao kabisa. Ilikuwa njia ya kulipa taslimu. Nyuma yao honi zikaanza. Mkewe alishuka, akazunguka hadi dirishani, akampa mwanamke wa kibandani sarafu, akarudi na risiti na pole aliyopewa.

Walipovuka, King'ora aliingia kituo cha kwanza cha mafuta, akaegesha mbali na pampu, akazima injini. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Mama watoto," alisema. "Sioni vizuri."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuzikataa harusi za jioni. Nikajiambia, huyu hajachukia harusi."

"Na hukuniambia kitu?"

"Ningekuambia, ungesema unaona. Halafu ungeendesha ili kunionyesha."

Ndivyo hasa ambavyo angefanya. Mkewe akamweleza mengine. Leseni alikuwa akiihuisha miaka yote, hakuna aliyemuuliza. Na zile siku alizoaga kwamba anakwenda kuwaona wajukuu, aliwaona kweli, ila kwanza binti yao alimtoa na gari lake mpaka vidole vikakumbuka.

Hasira haikumjia King'ora. Alikuwa amebeba watu maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri jinsi inavyokuwa kulala kwenye machela na kumwachia mwingine barabara.

Alichomoa ufunguo akampa.

Mama alisogeza kiti mbele, akasogeza tena, akarekebisha vioo. King'ora alimwambia asisahau kuonyesha taa. Akamwambia aache nafasi. Akamwambia aangalie lori.

"Ukinifundisha tena nitakushusha," mkewe alisema, naye hakuwa akitania sana.

Mama aliendesha kama alivyoshona, bila haraka na bila kurudia. Njia ikaanza kupanda, kona baada ya kona, na mahali fulani kati ya kona hizo King'ora, aliyekuwa ameshika mpini wa mlango, aliuachia. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake alisinzia ndani ya gari linalotembea.

Alizinduka gari likiwa limesimama na mkewe hayumo. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Alimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa chake kifuani mwa dada, na mkono mkavu wa dada ukipita juu ya nywele zake. Dada alimtazama shemeji yake akauliza kama kweli ameletwa na mwanamke mpaka mlimani. King'ora alisema ndiyo, ameletwa, tena salama. Dada alicheka hadi akakohoa.

Walikaa naye siku zao zote. Mama alimwogesha, akamsuka. Jioni King'ora alimsogeza dirishani kwa mikono ileile iliyowasogeza wengi. Siku ya kurudi dada aliagana nao bila machozi, akawaambia kiu yake imekwisha. Alifariki mwaka uliofuata, naye mdogo wake hakuwa na la kujilaumu.

Nyumbani King'ora alikwenda kupimwa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Mkewe alisema haya sasa, uzeeni amemzalia mapacha, na King'ora alicheka mpaka daktari akamsihi atulize kichwa. Walimpasua jicho moja, kisha la pili, akarudi kuona hata sindano iliyoanguka sakafuni.

Siku hizi wakialikwa harusi za jioni huenda. Wakifika kwenye gari, King'ora hupita upande wa abiria. Akiulizwa na watoto, husema macho bado hayajatulia. Mkewe anajua yalitulia zamani. Huwasha gari, na wanaondoka.