Siku Mama Alipopanga Foleni ya Kura

Harufu ya naftalini hunikera mpaka leo. Vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, watu wengine huvitia kwenye masweta. Mama yangu alivitia kwenye sanduku la karatasi. Kila hati tuliyokuwa nayo, kuanzia kadi yangu ya chanjo hadi risiti ya jiko la umeme, ilinukia hivyo, na tulipofika mbele ya dirisha la ofisi yoyote hapa Durban karani alikunja pua kabla hata hajasoma jina. Wiki iliyopita nililifungua sanduku lile nikitafuta cheti changu cha kumaliza shule. Harufu ikanipanda kichwani, na juu kabisa ya rundo nikaiona ile kadi ya kura. Nikakaa sakafuni. Ngoja niwasimulie ninyi, maana mtu mwingine sijamwambia.

Kadi yenyewe ni ya Kongo, ya uchaguzi wa 2006. Ina picha ya Mama akiwa bado mbichi, shingo ndefu, macho yamemtoka kwa kuogopa taa ya kamera. Chini ya picha pana jina lake, la baba yake, la mama yake na mahali anakotoka. Mgeni atadhani ni kikaratasi cha kupigia kura tu. Kwetu Bukavu hicho ndicho kilikuwa kitambulisho, hakukuwa na kingine. Ulikwenda shuleni walikoweka mashine, ukapanga foleni, na kama hukuwa na karatasi yoyote ulileta watu wanaokufahamu waseme ndiyo, huyu ni mtoto wa fulani. Ukapigwa picha, ukaondoka na kadi ingali ya moto. Kwa kadi hiyo ulipita vizuizi vya barabarani, ulipokea pesa ulizotumiwa, askari akajua wewe ni nani. Shikeni hilo, kwa sababu ndilo lililotuponza.

Miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2014 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Clairwood, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba kwa mbao, na malori ya bandarini yalipita mbele ya mlango tangu alfajiri mpaka vikombe vikagongana kabatini. Mama alikuwa kibarua wa kushona katika kiwanda kimoja cha mtaa wa Jacobs. Alishona mikono ya makoti ya kazi. Mikono tu, ya kushoto na ya kulia, mwaka wa pili ulikuwa unakwisha na koti zima hajawahi kuliona. Lakini aliipenda kazi ile kuliko nilivyoweza kuelewa, alikuwa na kiti chake na mashine yake, na kwenye mashine alikuwa amebandika jina langu, Faida. Ndipo msimamizi alipotangaza kwamba mwisho wa mwezi wenye kitabu cha kitambulisho, kile cha kijani, wataandikwa kazi ya kudumu, na wasio nacho watapumzishwa. Mama alikuwa na karatasi ya ukimbizi, ukurasa mmoja uliokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikatoboka. Msimamizi aliishika kwa ncha za vidole akasema namba zake haziingii kwenye kompyuta.

Wiki ileile Mama akaona tangazo limefungwa kwenye nguzo ya taa. Lilikuwa na picha ya watu wanaocheka, na Mama, ambaye Kiingereza kilimpiga chenga siku zote, alielewa maneno matatu: kujiandikisha, kura, shule. Yalimtosha. Akarudi nyumbani anaimba. Watu wanaandikishwa Jumamosi na Jumapili, palepale shule ya msingi, hatua chache kutoka kwetu! Kitambulisho kimetufuata mlangoni.

Chumba cha nyuma alipanga Kaka Njoroge, Mkenya aliyekuwa akisoma chuoni, mtu mpole aliyekula mkate na chai mara tatu kwa siku. Alitoka na kikombe chake akajaribu kumweleza. "Mama Faida, hiyo kitu haiendi hivyo. Lazima ukuwe na kile kitabu cha kijani kwanza, ndio wakuandikishe. Na lazima ukuwe raia." Mama akamwangalia kwa huruma. "Kaka, weye unasoma mabuku mingi. Kwetu mutu anaandikishwa, anapigwa foto, anapewa karte pale pale. Niko nayo hapa." Akamwonyesha kadi. Kaka Njoroge aliigeuzageuza, akasema ni nzuri, akarudi kwenye chai yake.

Na mimi nilijua! Hilo ndilo linaloniudhi hata sasa. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha jambo hilo wiki mbili kabla, na kwenye mtihani nilipata yote. Nikamsomea Mama kama kasuku: unakwenda kituo cha mtaa unaokaa, na kitabu chako cha kijani, hata kama una miaka kumi na sita, ingawa kura utapiga ukifika kumi na minane. Wanakipitisha kwenye kimashine, unajaza fomu ya mahali unapoishi, wanabandika stika kitabuni. Halafu unahakikisha jina lako limo kwenye daftari, na siku ya kura unarudi kituo kilekile na kitabu kilekile. Nikarudia: kitabu, Mama, kitabu. Aliniacha nimalize, akasema, "Lete kichanuo."

Kwa kuwa kulikuwa na picha ya kupigwa, tulisukwa. Alinisuka kwanza mimi, akinivuta mpaka nyusi zikapanda, ingawa sikuelewa picha yangu ilikuwa ya nini. Halafu kwa kuwa kulihitajika mashahidi, akawaomba watu watatu wa kanisani: Papa Shemasi, aliyeosha malori na akaomba ruhusa ya siku nzima, Tantine Bea wa saluni, na mama mmoja mzee aliyetoka kijiji kimoja na bibi yangu. Jumamosi saa moja asubuhi wakawa wamesimama uani kwetu kwa suti na vitenge, wamepaka poda, kila mmoja ameshika Biblia endapo ataapishwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Foleni ilianzia lango la shule, ikazunguka ukuta wenye rangi iliyobanduka. Jua la Durban mnalijua, saa tatu tu na nguo imeshakushika mgongoni. Wenzetu walikuja na kandambili na kofia, kitabu cha kijani mfuko wa nyuma. Sisi tulikuwa watano, tunang'aa, tunanukia naftalini. Papa Shemasi aliwasalimia watu wote kwa mkono, mmoja mmoja, kwa Kifaransa. Kila tuliposogea hatua mbili Tantine Bea alinifuta jasho usoni kwa leso yenye mate, ili poda isiharibike.

Na mbele yetu, tukitenganishwa na watu wanne tu, alikuwa Thandeka na bibi yake.

Thandeka alikaa dawati moja na mimi. Nilikuwa nimejifunza Kizulu mpaka kikanikaa, na muhula ule, nilipohamishiwa darasa lao, hakuna aliyeniuliza ninatoka wapi. Sikumdanganya mtu. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kukanipa marafiki. Sasa Thandeka aligeuka, akala mkate wake taratibu, akaniangalia mimi, akaangalia vitenge, akaiangalia ile Biblia ya mama mzee, akamnong'oneza bibi yake. Nikaanza kumchukia Mama. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Tulifika mezani saa tano kasoro. Aliyekaa pale alikuwa mama wa makamo, amevaa fulana ya kazi iliyombana, amejifunga taulo shingoni kwa ajili ya joto. Akanyoosha mkono apewe kitabu. Mama akampa karatasi ya ukimbizi, na juu yake, kwa mikono miwili, ile kadi ya Kongo. Kisha akawaita mashahidi wasogee. Papa Shemasi akavua kofia.

"Mwambie niliisha kupiga kura," Mama akaniambia. "Mwambie niko na batu batatu, banijua tangu utoto. Mwambie niko tayari kwa foto."

Nikatafsiri kwa Kizulu, kwa sauti ya chini, nikimpa Thandeka mgongo. Yule mama hakucheka. Aliivuta kadi karibu, akaiangalia picha, akamwangalia Mama, akasema, "Hawu, ulikuwa mrembo." Halafu akafungua ile karatasi iliyotoboka, akaisoma yote, mstari kwa mstari, huku watu wa nyuma wakiguna. Akaweka kalamu chini, akaanza kuongea nami, polepole, kama mtu anayemwagiza mtoto dukani na hataki asahau.

Alisema hivi. Mwambie mama yako samahani, hapa tunaandika raia tu, na sisi wa kura hatutoi kitambulisho, mtu huja kwetu akiwa nacho tayari. Lakini mwambie karatasi hii aliyonayo ni ya mkimbizi aliyekubaliwa. Mwenye hii anaruhusiwa kuomba kitabu chake mwenyewe, chekundu, chenye picha na namba kama zetu. Aende ofisi ya wakimbizi Jumatatu, aombe fomu ya kitabu, asikubali wakimwambia hakuna. Kina namba kamili, kazini watakipokea. Dada mmoja jirani yangu anacho. Umeelewa? Mwambie.

Nilielewa kila neno. Nyuma yangu Thandeka, ambaye bibi yake alikwisha kubandikiwa stika, alikuwa amesimama mlangoni anasubiri kuona mwisho wetu. Nilikuwa na njaa, kichwa kinaniuma kwa misuko, nilikuwa nimesema tangu Jumatano na hakuna aliyenisikiliza. Sasa nieleze tena vitabu, rangi za vitabu, ofisi, fomu, Mama aniulize maswali kumi mbele ya watu? Nikamgeukia.

"Anasema hapana. Twende."

Mama aliniangalia. "Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Akachukua kadi yake na karatasi yake. Akamshukuru yule mama kwa kuinamisha kichwa, kwa baridi sana, na tukatoka. Njiani Papa Shemasi alilalamika kuhusu siku yake ya kazi iliyopotea, Tantine Bea akamjibu, wakagombana mpaka kwenye kona. Mama alitangulia mbele peke yake. Nilidhani amenikasirikia, nami nikajiandaa kukasirika zaidi.

Mwisho wa mwezi wakampumzisha. Alikuja na kijikaratasi chenye jina langu alichokibandua kwenye mashine, gundi imeshika vumbi. Akaanza kusuka watu nywele mjini, kando ya barabara, amesimama kutwa, na mvua ikinyesha anajibanza chini ya mwavuli wa kuazima. Bado sikuunganisha mambo, au nilikataa kuyaunganisha, mtoto wa miaka kumi na mmoja anajua sana kufunga mlango wa kichwa. Karibu mwaka na nusu baadaye, mwaka 2015, mwanamke mmoja kanisani akatoa kwenye mkoba kitabu chekundu. Mama akakishika, akapekua kurasa, akauliza kilianza kutolewa lini. Tangu zamani, mwanamke akajibu. Ni watu tu hawajui. Mama akakiomba chake, kikatoka baada ya kusumbuliwa sana. Akakipeleka Jacobs siku hiyohiyo. Msimamizi alikikubali bila ubishi, akasema ni kitabu kizuri, tatizo ni kwamba viti vimejaa.

Utotoni nilidhani kutafsiri ni kusema kwa kifupi watu waachwe waende zao. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba siku ile meza nzima ilikuwa mkononi mwangu. Mama hakuwa mjinga. Alikuja na foleni yake, mashahidi wake na kadi yake, kila kitu alichofundishwa na nchi yake, na yule mwanamke alimpa jibu kamili. Aliyelizuia jibu ni mimi, kwa sababu ya msichana mwenye mkate.

Basi wiki iliyopita Mama alinikuta sakafuni na ile kadi. Akacheka sana. "Unakumbuka ile siku?" akasema. "Ule mama alisema maneno mingi, mingi! Na weye ukanipatia neno moja. Nilijua. Alinitukana, na mutoto wangu akakatala kuniletea matusi na kinywa chake. Njia yote nilikuwa nasema, Mungu, asante juu ya huyu mutoto. Hata kanisani niliwaambia."

Kumbe ndivyo alivyoishi nayo miaka yote hii. Yule mwanamke mwenye taulo shingoni, aliyesoma karatasi yetu yote huku wengine wakiguna, nyumbani kwetu anakumbukwa kama mtukanaji. Mwema ni mimi. Nilifungua kinywa nimweleze, naapa nilifungua. Lakini Mama alikuwa ameshainama juu ya sanduku, kwa shida, magoti yake siku hizi hayakunjiki vizuri kwa kule kusimama, anapekua harufu ile mbaya kwa mikono miwili mpaka akakipata cheti changu chini kabisa. Akakifuta kwa kanga yake, akaninyooshea.

"Karatasi yako hii hapa," akasema. "Unaona? Sikupoteza hata moja."