Vidole Chini ya Kisogo

Mtaalamu wa fiziotherapia wa mtaani kwetu hukanda watu akiwa amefumba macho, kana kwamba vidole vyake ndivyo vinavyoona. Mama yangu ni fundi cherehani, na wiki nzima maumivu ya kichwa yalikuwa yamemzuia kushona, nikampeleka kwake. "Kichwa kinanipasuka, wewe unanishika shingo!" alilalamika. "Tulia, dada. Shingo imekaza, kichwa kinapiga kelele tu." Mtaalamu huongea polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. Vidole vilipofika chini ya kisogo vikatua hapo, vikabonyeza bila haraka. Mama akanyamaza, na mama huwa hanyamazi; nikaogopa. Mara akageuza shingo taratibu, akanikazia macho. "Wewe! Hilo shati limekosa kifungo tangu lini?" Kabla sijajitetea, mtaalamu akaninong'oneza, "Hamia upande wa pili, mdogo wangu, ageuze shingo akugombeze na huko."