Boma la Baba Porini

Kazi yangu ni kuotesha majani ambayo hakuna ng'ombe atakayeyala. Natengeneza mandhari ya gemu ya kompyuta: vilima, mito, vichaka, ili mchezaji apate mahali pa kutangatanga apendavyo. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la misumari na rangi pale Riruta Satellite, na kutoka dirishani kwangu naona mabati ya Kawangware mpaka macho yachoke. Watu hunicheka. "Wewe umelelewa Kibera, miti umeiona wapi?" Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaambia nimeiona kwa baba.

Kazi yenyewe haina miujiza. Unainua ardhi, unaibonyeza, unachagua brashi ya nyasi, unaipitisha na nyasi zinaota. Miti vivyo hivyo. Ukikosea, ipo brashi ya kufutia. Ukiipitisha juu ya mti, mti hauonekani tena. Tulikuwa tumepewa bonde zima kando ya ziwa, na wateja wetu wa ng'ambo walisisitiza jambo moja: liwe pori ambalo binadamu hajawahi kuishi.

Ziwa lile nililitengeneza kwa maneno ya baba. Mimi nyumbani kwetu kando ya ziwa nimefika mara chache, zote za matanga, na kwenye matanga hakuna mwenye nafasi ya kukuonyesha vilima. Kwa hiyo Jumapili nikienda kuwaona wazazi wangu Kambi Muru, kule kule Kibera, nilikuwa nafungua laptopu mezani, baba anavuta kiti, ananielekeza mawe ya ufukweni yakae wapi na matete yaanzie wapi. Ni mtu wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba za watu. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Yeye Nairobi ilimpa koleo siku aliyofika, na hajalitua mpaka leo. Lakini hajawahi kuniambia kazi yangu ni mchezo wa watoto. Hilo aliachiwa mama.

Kulikuwa na jambo moja lililomla moyo. Kwetu Wajaluo, mwanamume hutoka katika boma la baba yake akaenda kuanzisha lake, lenye ua wake na lango lake. Siku hiyo huenda alfajiri na jogoo, mke wake hubeba moto, na mtoto wake wa kwanza wa kiume hubeba shoka. Asiyefanya hivyo huzeeka akiwa bado kijana wa watu, na akifa huzikwa kwa baba yake. Baba hakufanya. Kipande chake cha shamba kipo, lakini kila alipokaribia kujenga, karo au hospitali ilimtangulia. Halafu Mungu akampa mabinti watupu, mimi nikiwa kifungua mimba. Tangu kifua kianze kumsumbua mwaka jana, alikuwa akilisema waziwazi: "Nitarudishwa nyumbani kama mgeni." Alilisema akitazama kikombe chake cha chai, na mimi, ambaye hasira zangu ziko karibu, nilikuwa namkatiza na kuuliza habari za mvua. Nilikuwa naogopa tu.

Ndipo nikapanda mduara wa miti. Sikumwambia mtu. Kwenye mteremko unaotazama ziwa nilipitisha brashi ya mnyaa, ile miti ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe, ambayo kwetu ndiyo ua wa kila boma. Ndani nikaacha uwanja mtupu. Sikuweka nyumba hata moja, nikajiambia kwamba sijavunja sheria ya mtu.

Bosi wetu aliuona siku alipokuja kukagua bonde. Yeye ni kijana wa Kawangware hasa, wa ukoo uliokuwa na shamba hapa kabla sisi wengine hatujaja kupanga.

"Niaje. Hii mduara ni ya nini?"

"Ni miti tu."

"Miti haijipangi hivi. Hao wateja wataona imepandwa. Futa."

Ningeifuta kwa mkono mmoja. Badala yake nikamweleza yote: baba, lango, jogoo, shoka, kile kikombe cha chai. Nilipomaliza, alisogea dirishani.

"Shosho, nyanya yangu, alikuwa na shamba hapo tu chini," akasema. "Mpaka wake ulikuwa maua. Sa hii ni ploti, nyumba za mabati zimejaa. Lakini kuna maua mawili hutoka kando ya mtaro, na baba yangu hukataa yang'olewe." Akarudi mezani. "Wacha ikae. Lakini ifanye ikuwe mzee. Miti ingine irefuke, ingine ianguke, nyasi iingie ndani. Mtu akiona aseme ni pori. Nataka Jumatatu."

Nilienda Kambi Muru Jumapili hiyo nikiwa na furaha ya mtu anayepeleka mahari. Nikafungua laptopu, nikayaongoza macho ya baba mpaka kwenye ule mteremko. Hakuhitaji kuelezwa. Aliuona ua, akaweka kidole juu ya kioo.

"Hili ni boma."

"Ni lako, baba."

Mama alizima redio. Na mimi, kwa upumbavu wa furaha, sikungoja baba aseme. Nikamweleza kwamba kesho miti itarefuka, ua utaanguka hapa na pale, nyasi zitafunika uwanja, na hivyo boma litakaa humo daima bila mtu kulifuta.

Akaondoa kidole.

"Unanijengea gunda?"

Gunda ni mahame, boma ambalo wenyewe wamekufa au wamehama. Kwetu hakuna mtu anayejengewa gunda.

"Wenzangu wameacha mahame, sawa," akasema. "Lakini waliishi kwanza. Mimi nianzie kwa mahame?"

Nami hasira zikanipanda. Nilikuwa tayari kumwambia, baba, hii ni gemu tu. Namshukuru mama alinitangulia, maana neno hilo nisingeweza kulirudisha.

"Si muishi basi," akasema. "Jumatatu si ni kesho? Leo tuko."

Tukatazamana. Mama akainuka, akatoka nje, akarudi na jiko la makaa yaliyokwisha kushika, akalitua karibu na mlango. "Moto huu hapa. Ni wa chai pia, msinisumbue." Jogoo wa jirani alikuwa akiparura kwenye kizingiti kama kawaida yake. Baba akamtupia makombo ya chapati, yule ndege akaingia ndani mzima mzima. "Huyo amejileta," baba akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Kisha akautazama ua tena. "Halina lango."

Ni kweli. Nilikuwa nimezungusha mnyaa wote bila kuacha pa kuingilia. Lango hukatwa, na kukata kunahitaji shoka, na mwenye kulibeba sote tulijua hakuzaliwa. Mama alijishughulisha na makaa. Baba akaisogeza laptopu mbele yangu.

"Beba shoka, nyathina, mwanangu. Mtoto wa kwanza ni wewe."

Nilichagua brashi ya kufutia. Kwa haraka nikaufuta mti ambao sikuukusudia. "Taratibu," akasema. "Upande wa chini, liangalie ziwa." Nikakata. Maji yakaonekana katikati ya ua. Nililia, na sikujificha.

Baba akashika laptopu mwenyewe, akaingia langoni kwa kubonyeza kitufe na kidole chake kinene cha saruji, polepole, kama anayechelea kukanyaga kitu. Tulikaa humo alasiri nzima. Alionyesha nyumba ya mama itakapokuwa, ghala, zizi. Mama akataka jiko lake lisipigwe na upepo, wakabishana. Tulikunywa chai tukiwa ndani ya boma, na jogoo alikataa kutoka.

Jumatatu nilifanya nilichoagizwa. Nikarefusha minyaa, nikaangusha mingine, nikapitisha nyasi uwanjani kote. Lango nikalifunika kwa kichaka chepesi, kinachopitika. Bosi alikagua, akasema sasa ni pori kabisa.

Jioni baba akapiga simu.

"Limekuwa mahame?"

"Limekuwa, baba."

"Haya," akasema. "Lakini tuliishi."