Miti Thelathini na Mmoja ya Akidor

Imetangazwa rasmi, na waliohudhuria wakapiga makofi, kwamba kuanzia mwaka huu wa fedha kila mti ulio hai katika shamba la mkulima wa ukingo wa Tarach utahesabiwa, utaandikwa na kulindwa, na kwamba hakuna mtunza mazingira atakayesahaulika. Tangazo lilisomwa Lodwar, ndani ya ukumbi wenye viyoyozi. Kakuma lilifika siku tatu baadaye kwa pikipiki, likiwa limeambatanishwa na fomu.

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Akidor hakuisoma kwa sababu hajui kusoma, na wanaojua kusoma hawakuisoma kwa sababu wanazijua fomu.

Akidor ni mjane aliyepita hamsini. Ana mbuzi kadhaa, kishamba cha mtama kando ya Tarach, ambao kwa miezi mingi ni mto wa mchanga, na ana ekwar. Mpita njia akiiona ekwar hudhani ni kichaka kisicho na mwenyewe. Kumbe ni kipande cha ukingo wa mto ambacho miti yake ni ya familia fulani, na mipaka yake iko vichwani mwa majirani. Ya Akidor ina migunga thelathini na mmoja. Kiangazi kikikaza huitikisa kwa ufito mrefu wenye ndoano, maganda ya mbegu yakaanguka, mbuzi wakala. Anayekata tawi bila kuomba hulipa mbuzi. Hakuna hati. Ushahidi ni kwamba watu wanamkumbuka baba mkwe wake akiitikisa miti hiyohiyo, na wazee wao walimkumbuka baba yake yeye.

Mradi uliahidi tangi la lita elfu tano, pamoja na bomba la kulijaza, kwa kila mkulima mwenye miti zaidi ya ishirini. Akidor alilitaka tangi hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu cha serikali. Maji yake huyachimba mchangani na kuyapandisha ukingoni kwa mtungi wa plastiki, na goti lake la kushoto limeanza kumkatalia.

Afisa aliyetumwa kuhesabu aliitwa Ejore, kijana wa Lorugum, mpole, mwenye stashahada na viatu visivyofaa mchanga. Alihesabu mara mbili, akasifu, akafika kwenye kisanduku cha nane cha fomu.

"Hii miti ulipanda mwaka gani, mama?"

"Mimi sikupanda. Nilikuta. Hata bwana yangu alikuta."

"Sasa nani alipanda?"

"Uliza Akuj. Yeye ndio Mungu, yeye anajua. Lakini hana simu."

Ejore akaeleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba kwa mujibu wa mwongozo mti uliojiotea ni uoto wa asili, na uoto wa asili haupewi tangi. Anayepewa ni mpandaji. Jirani yake Lokorio, kwa mfano, alikuwa amekwisha kuelewa. Alikata migunga yake yote kumi na tisa, akaichoma makaa, akamuuzia Mading, mwenye hoteli ya chai katika kambi ya wakimbizi, na sasa alikuwa na ardhi tupu, safi, tayari kwa uhifadhi.

Ejore alirudi Lodwar na, kwa wema wake, akajaza kisanduku cha nane mwenyewe. Aliandika 2021. Wema wa namna hii haumo katika mtaala wa stashahada. Mtu huzaliwa nao.

Mwongozo ulitaka pia orodha isomwe hadharani, mwenye pingamizi aseme. Ikasomwa kwenye baraza la chifu. Ilipofika "Akidor, miti thelathini na mmoja, ilipandwa mwaka elfu mbili ishirini na moja," watu wengine waliangalia chini wakificha kicheko, maana mgunga wa kwanza kutoka njiani watu wawili hawaukumbatii wakashikana mikono. Namuar hakucheka. Namuar ni mdogo wa marehemu mume wa Akidor, na alikuwa ameuliza zaidi ya mara moja gunia la makaa linakwenda bei gani. Alisimama, akavua kofia, akaomba asomewe tena.

Akasomewa tena.

"Asante," alisema. "Kama shemeji alipanda mwaka huo, basi miti ya baba ilishakufa. Na kama ya baba ilishakufa, ekwar ya baba hakuna. Hapo ni mahali tu. Mimi pia naweza kuomba mahali."

Hakukuwa na kosa katika hoja hiyo. Ejore alijaribu kusema kwamba hayo ni maandishi tu. Wazee wakamtazama kama mtu aliyesema maji ni maji tu.

Akidor alisimama, akalishika goti.

"Mwanangu, futa."

"Mama, nikifuta, tangi hakuna."

"Nimesikia. Futa jina na miti yote. Mimi sikupanda kitu."

Ejore akafuta. Namuar akavaa kofia na kukaa.

Tangi lilikwenda kwa Lokorio, pamoja na miche mia tatu ya mwarobaini. Siku ya uzinduzi hema lilichelewa Lodwar, hivyo wageni walihamishia viti vyao chini ya migunga ya Akidor, wakahutubia hapo kwa muda wa saa tatu kuhusu kivuli. Miche ilikunywa maji wiki mbili. Kisha kiangazi kikaja na mbuzi wa watu wote.

Siku hizi Lokorio huja asubuhi kuomba maganda kwa ajili ya mbuzi wake. Haji mikono mitupu. Huleta mitungi miwili ya maji kutoka kwenye tangi, na Akidor humwonyesha mti wa kutikisa. Goti lina nafuu kidogo.

Kibao cha mradi kinasema hapa imehifadhiwa miti mia tatu. Kwa kuwa kwenye shamba la mradi hakukuwa na kitu cha kukifungia, kimefungwa kwa waya kwenye mgunga wa Akidor, ule wa kwanza kutoka njiani, ambao haumo kwenye orodha.