Jipu Nililolipika

Fundi aliyenifundisha kufufua injini hakunipenda hata siku moja, wala mimi sikumpenda. Nasema hivyo mapema kwa sababu sisi tuliovuka miaka arobaini tunapenda kuwasimulia wakubwa wa ujana wetu kana kwamba walikuwa baba zetu. Yule hakuwa baba wa mtu. Alikuwa na karakana ya mabati katika Zone Industrielle, eneo la viwanda upande wa bandarini, na kwa wiki tano hakuchoka kunidharau.

Kosa lilikuwa langu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa dereva wa tajiri mmoja mwenye asili ya Oman, aliyeuza chumvi na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, huko Asiatique, mtaa wa maduka ya Waasia. Nilikuwa nimevuka mpaka kutoka Uvira na cheti cha sekondari ambacho hakuna aliyekitaka, pamoja na leseni ya udereva ambayo kila mtu aliitaka. Gari la tajiri lilikuwa jipu kuukuu, limebaki tangu enzi za Wabelgiji, na rejeta yake ilivuja. Madereva wa zamani walikuwa na dawa yao: ukivujiwa mbali na mji, tia unga wa mhogo kwenye rejeta, wa ncha za vidole tu, utaziba tundu mpaka ufike.

Kwenye kona za kupanda mlima wa Bugarama nilitia kiganja kizima. Maji yakaendelea kutoka. Nikatia cha pili, nikatia cha tatu. Yalikuwa yanachemka. Mtu yeyote aliyewahi kusonga ugali angejua kitakachofuata, na mimi nimeusonga tangu utotoni. Nilinusa chakula kabla sijanusa chuma kinachoungua. Kisha injini ikakaza, jipu likasimama.

Tajiri hakupiga kelele. Aliomba kuiona leseni yangu, nikampa, akaifungia kwenye mtoto wa meza.

"Utaipata siku gari litakapokwenda Muramvya na mzigo na kurudi kwa nguvu zake," alisema. "Kabla ya hapo, popote unapotaka kwenda, nenda kwa miguu."

Alijua ninataka kwenda. Kigoma palikuwa na mtu mwenye lori aliyekuwa tayari kunichukua, mradi nifike kabla ya mvua za kwanza. Bila leseni ningefika kama mchukuzi wa magunia.

Jipu lilivutwa kwa kamba hadi karakana. Fundi, mtu wa Bukavu, mrefu, mwenye kikohozi, alifungua kifuniko cha rejeta, akaingiza kidole, akakitoa kimegandwa na utepe mweupe. Akawaita wenzake.

"Mukuje muone mupishi. Nimefungua moteri mingi, hii ndiyo ya kwanza kutoka na bugali." Akanigeukia. "Na mboga iko wapi, ndugu?"

Kwake kulikuwa na sheria: aliyeua injini ndiye anayeiosha. Nilichokoa njia za maji kwa spoki ya baiskeli, nikitoa unga uliokauka kama saruji. Pistoni nne zilikuwa zimeng'ang'ania ndani ya silinda. Tulizilowesha kwa mazuti, yaani dizeli, siku tatu, kisha akanipa kipande cha mti na nyundo nizigonge kutoka chini.

"Polepole. We unapiga kama mutu anaua nyoka."

"Ningejua nisingekuwa hapa, fundi."

"Kama ungejua, mi ningekuwa napumuzika."

Zilipotoka, mbili zilikuwa zimechubuka vibaya. Akazipata nyingine kwenye jipu bovu lililokuwa linaota nyasi nyuma ya ghala la pamba, na ni mimi niliyelala chini ya mzoga huo siku mbili kuzifungua, siafu wakiingia shingoni. Hakuja hata kuchungulia.

Kazi iliyonitesa zaidi ilikuwa valvu. Zilikuwa nane. Unapaka kila valvu dawa yenye chenga, unaikalisha mahali pake kwenye kichwa cha injini, unaizungusha kwa kijiti kati ya viganja viwili, kulia, kushoto, mpaka chuma na chuma vikubaliane. Kisha fundi aligeuza kichwa kile, akamimina petroli juu ya valvu zilizofungwa, akakaa kwenye debe kusubiri. Ikipita hata unyevu, kazi haijaisha.

"Inavuja."

"Kidogo tu, fundi."

"Na bunga uliweka kidogo tu." Akamwaga petroli chini, mbele ya miguu yangu. "Rudilia."

Nilirudia. Valvu ya sita niliirudia siku nne mfululizo. Malengelenge yalipasuka na dawa ile ikaingia kwenye nyama. Siku moja nilimwambia kwamba kama kweli anataka kunifundisha, anaweza kunionyesha ninapokosea.

"Nani anakufundisha?" aliuliza. "Mi minakuazibu. We ukijifunza ndani yake, hiyo ni mambo yako."

Nilimchukia hadi nikaanza kuisaga valvu ile kwa ajili ya kumkomoa. Siku ya tano alimimina petroli, tukakaa. Haikupita. Akasubiri zaidi kuliko desturi yake, akapitisha kidole chini, akakinusa, kikiwa kikavu. Alinitupia valvu ya saba.

Injini ilipowaka, tajiri alikuja mwenyewe na magunia kumi na mawili ya chumvi.

"Mi nilisema siku za kwanza bila muzigo," fundi alimwambia. "Na mwendo isipite arobaini."

"Fundi, gari ni langu."

Fundi akaniinamia dirishani. "Ukiiunguza tena, usikuje hapa."

Tajiri aliketi kando yangu. Leseni yangu aliiweka kwenye mfuko wa koti lake, kwa kuwa mwanzo wa mlima palikuwa na kizuizi cha askari na dereva bila leseni hapiti. Njia nzima alinihimiza. "Kanyaga. Hata punda wangu wa zamani alikuwa na haraka kuliko wewe." Sikukanyaga.

Kwenye kizuizi askari aliomba leseni. Tajiri akaitoa, akainyoosha mbele ya kifua changu mpaka dirishani. Askari aliisoma, akatazama picha, akatazama uso wangu, akairudisha kwa mwenye picha. Nilipogeuka, kiganja cha tajiri kilikuwa wazi, kinangoja.

Niliitia kwenye mfuko wa shati, nikafunga kifungo.

"Lete."

"Nitakufikisha Muramvya, mzee, na nitakurudisha. Kama unataka nishuke, sema sasa, uendeshe mwenyewe."

Hakujua kuendesha. Askari bado alikuwa amesimama pale, akituashiria tupite.

Tulipanda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Kila baada ya kona kadhaa nilisimama ili injini ipoe, nikakagua maji, nikaendelea. Aliniita mwizi, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiarabu. Mimi nilikuwa nasikiliza valvu ya sita, na sikutaka kelele zake zinifunikie mlio wake.